Mama Pasi Apimwa Sidiria

Waya ulichomoka katikati ya hotuba.

Mganga mkuu wa hospitali alikuwa amefika pale pa kusema, "Mama huyu, ambaye sote tumezoea kumwita Mama Pasi, ametupigia pasi mashuka na makoti yetu kwa miaka thelathini na moja," na wanawake wa chumba cha kufulia walikuwa wameshaanza vigelegele. Mama Pasi, aliyesimama mbele ya watu ndani ya gauni jipya, akainua mkono kuwapungia. Hapo ndipo waya wa sidiria, uliokuwa ukimtafuta ubavuni tangu asubuhi, ulipotoboa kitambaa ukamchoma chini ya kwapa.

"Mama yangu nakufa!" akapiga ukelele.

Ukumbi mzima ukadhani ni uchungu wa kuagana na kazi. Mganga mkuu akampa leso. Mama wa mapokezi akaangua kilio kabisa. Mama Pasi, machozi ya kweli yakimlengalenga, akaketi taratibu kama mtu anayekalia mayai, akaubana mkono ubavuni, akabaki hivyo mpaka soda zikaisha.

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, karani mstaafu wa posta, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama rula, mwenye kuona kila kitu na kusema nusu yake. Alimwinamia sikioni.

"Wifi, hayo si machozi ya mapenzi. Hiyo ni sidiria."

"Nyamaza, watu watasikia!"

"Na wasikie. Keshokutwa asubuhi nakuja kukuchukua. Vaa ile unayovaa siku zote kazini, usivae mpya."

Ieleweke kwamba Mama Pasi hakuwa mtu wa kuonewa na nguo. Akiwa mlangoni aliweza kuona doa la chai kwenye shuka lililo juu ya meza ya mwisho, na kwa kulipapasa tu alijua pamba hii imechanganywa na nailoni kiasi gani. Lakini ile nguo moja iliyokaa karibu na moyo wake kuliko zote ilikuwa imemtawala tangu akiwa na miaka kumi na sita. Siku alipopewa ya kwanza, mama yake alimfunga mgongoni, akavuta, akasema, "Ikibana ndiyo imekaa." Binti akalipokea neno hilo kama sheria. Maisha yake yote alinunua sidiria sokoni kwa kuichomoa kwenye fungu, kuiweka juu ya blauzi, na kukisia huku muuzaji akitazama kando kwa adabu. Kulabu zikikutana mgongoni, basi ni yake.

Watoto wanne walipita. Kifua kikawa kizito kama mizigo miwili isiyolingana, na mikanda ikamchimbia mabonde mabegani. Akazoea. Lakini alipovuka hamsini mambo yakageuka. Ngozi ikawa nyepesi, joto likawa linampanda ghafla kama mtu aliyefunguliwa mlango wa tanuri, vipele vikamtoka pale chini kunakokunjana, na kifua ambacho zamani kilitazama mbele sasa kilitazama sakafu kana kwamba kinatafuta sindano iliyoanguka. Alijaribu kubwa zaidi, akawa anaogelea ndani yake. Alijaribu ndogo zaidi, akakosa pumzi. Ile ya kuvutika kama soksi ilimkusanyia kila kitu kikawa mkate mmoja. Ile ya waya na maua, zawadi ya binti yake mkubwa, mwisho wake tumeshauona. Katika droo yake zilikuwa kumi na tisa, na hakuwa na mapenzi na hata moja.

Kila jioni alipofika nyumbani, kabla hajaweka mkoba chini, mkono ulikuwa umeshakwenda mgongoni. Tap! Mumewe, seremala mpole aliyefanyia kazi uani, alikuwa amejifunza tangu zamani kutomweleza jambo lolote la maana kabla hajasikia mlio huo.

Basi siku ya pili baada ya sherehe wifi akaja, na wakaenda. Walipita nyuma ya mafundi baiskeli, wakapanda ngazi ya saruji juu ya duka la vipuri, wakafika kwenye mlango usio na kibao. Ndani palikuwa na benchi, na kwenye benchi wanawake: mwalimu akisahihisha madaftari juu ya mapaja, askari wa zamu katika sare yake, bibi kizee mwenye fimbo, msichana mjamzito. Hakuna aliyeharakisha. Nyuma ya pazia la kijani cherehani ilikuwa ikienda, ikisimama, ikienda.

"Ni fundi gani huyu?" Mama Pasi akanong'ona.

"Fundi Kimya. Anashona sidiria tu. Hashoni kingine."

"Mimi sijawahi kusikia."

"Wanaomjua hawamtangazi," akasema wifi. "Wanakuja tu."

Zamu yao ilipofika waliingia wote wawili. Fundi Kimya alikuwa bibi wa miaka themanini na ushee, mdogo wa umbo, na pini sita midomoni zimepangwa kama meno ya kitana. Mama Pasi akaamkia, "Shikamoo, bibi." Fundi akaitika kwa kichwa, akanyoosha mkono na kuashiria: vua, nipe.

Mama Pasi alidhani atapimwa. Kumbe bibi aliichukua ile sidiria ya kazini, kuukuu, iliyopauka, akaigeuza ndani nje, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Aliipitisha kidole gumba taratibu, ukingo hadi ukingo, kama mtu anayesoma barua iliyotoka mbali. Kisha akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja. Baadaye Mama Pasi alikuja kujua kwamba pini zikitoka, bibi ana neno.

"Kazi yako ni ya kusimama," akasema. "Mkono wa kulia unakwenda mbele na kurudi, siku nzima, juu ya meza. Ukichoka unaegemea meza hiyo kwa ubavu wa kushoto."

Mama Pasi akamgeukia wifi yake. "Umemwambia!"

"Mimi? Hata habari zako sijampa."

"Mkanda wa kulia umevutika kuliko mwenzake kwa upana wa kidole," bibi akaendelea bila kuinua macho. "Hapa ubavuni pamba imelika, na si jasho lililoila, ni kitu kigumu kinachosugua mahali palepale. Na mabegani unaweka vitambaa ili mikanda isikukate. Nyuzi zake hizi hapa, nyeupe. Siri ya mtungi muulize kata, mwanangu."

Mama Pasi akahisi nywele za mkono zikimsimama. Miaka thelathini na moja alikunja leso mbili kila asubuhi na kuziweka chini ya mikanda, na mtu wa kwanza kulijua hilo alikuwa bibi asiyemjua, tena ameambiwa na kitambaa.

"Mara ya mwisho ulipimwa lini?"

"Sijawahi kupimwa, bibi."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na miwili."

Fundi Kimya hakushangaa, hakusikitika. Alichukua futi yake ya kitambaa, akaanza. Akampima amesimama. Akampima ameketi. Akamwambia aokote kifungo sakafuni, akampima ameinama. Akamwambia anyooshe mkono kama anapiga pasi, akampima hivyo, kulia kisha kushoto. Akamlaza chali kwenye mkeka, akamwambia avute pumzi, atoe, akohoe.

"Sasa cheka."

"Nicheke nini, bibi?"

"Mkumbuke mtu."

Mama Pasi akamkumbuka mganga mkuu na leso yake, akapasuka kicheko cha kweli, tumbo zima likicheza, na bibi akazungusha futi haraka kama anayenasa ndege. "Watu wanapimwa wamesimama kama nguzo," akasema, "halafu wanalalamika nguo haikubali kicheko."

"Mama yangu alisema ikibana ndiyo imekaa."

"Mama yako alikupa alichopewa." Akaandika tarakimu kwa chaki kwenye meza. "Mtu akihama nyumba, barua zake unazipeleka wapi?"

"Kwenye nyumba mpya."

"Basi kifua chako kimehama. Wewe bado unapeleka barua kule kulikokuwa na msichana wa miaka ishirini."

Kisha akamweleza, kwa maneno machache, kwamba alianza ushonaji akiwa na miaka kumi na mitano kwenye karakana ya mahema na maturubai ya malori. Huko alijifunza jambo moja ambalo mafundi wengi wa nguo hawalijui: hema likitegemea kamba za juu peke yake, upepo wa kwanza linalala. "Na wewe uzito wote umeutundika mabegani," akasema. "Mabega si misumari. Mzigo hubebwa na mkanda wa chini, huu unaozunguka mbavu. Ya mabegani kazi yake ni kuongoza njia tu. Ngoja."

Akasimama nyuma yake, akapitisha viganja vyake viwili vikavu chini ya kifua cha Mama Pasi, kwenye mbavu, akakaza kidogo na kuinua, kidogo sana.

Mabega ya Mama Pasi yakashuka yenyewe. Shingo ikarefuka. Pumzi ikaingia mpaka mahali ambapo haikuwahi kufika, akasikia mgongo ukitoa mlio mdogo, na maumivu ambayo hakuwa akiyaita tena maumivu, maana hakukumbuka siku yalipokuwa hayapo, yakaondoka. Alisimama kinywa wazi. Bibi akaondoa mikono, na uzito ukarudi mahali pake. Mama Pasi akatamani kumwambia, tafadhali bibi, usitoe.

"Wiki tatu," akasema Fundi Kimya, akarudisha pini mdomoni.

Ni wakati anavaa blauzi ndipo alipoutazama ukuta. Mwanzo alidhani ni mapambo. Ukuta wote wa nyuma, toka sakafuni hadi darini, ulikuwa na misumari, na kila msumari umetundikwa bunda la makaratasi yaliyokatwa kwa umbo la sidiria: makaratasi ya kalenda, ya magazeti, ya mifuko ya unga, ya khaki. Hapakuwa na jina popote. Kila bunda lilikuwa na fundo la uzi wa rangi zake.

"Kila msumari mtu mmoja," wifi akasema. "Kila karatasi ni umri wake. Ya chini kabisa ndiyo ya kwanza."

Mama Pasi akasogea. Bunda moja lilikuwa nene kama Biblia. Akalitazama kwa ubavu, akaona karatasi ndogo ya chini, mabakuli madogo kama ya kitoto. Juu yake kubwa zaidi. Juu yake kubwa kupindukia, bila shaka ya kunyonyesha. Kisha zikilegea, zikitanuka, zikishuka, karatasi juu ya karatasi, mpaka ile ya juu iliyokatwa kwenye kalenda ya mwaka huu. Maisha mazima ya mwanamke asiyemjua, kwenye msumari mmoja. Na misumari ilikuwa mia ngapi? Alipita kando ya ukuta ule kwa kunyata, kama mtu aliyeingia katikati ya sala.

"Wako upi, wifi?"

Cherehani, iliyokuwa imeanza tena, ikasimama. Fundi Kimya alimtazama wifi, kisha akatazama dirishani.

Wifi akanyoosha mkono bila kutafuta, akashusha bunda lenye uzi wa zambarau na mweupe. Akalifungua, akazipanga karatasi mezani kwa utaratibu, kama alivyokuwa akipanga bahasha posta. "Hii nilikuwa na miaka ishirini na sita. Hii baada ya mwanangu. Hii nilipoanza kunenepa, unakumbuka, tulicheka sana mwaka ule. Na hii." Ya mwisho ilikuwa na bakuli moja, upande wa kulia. Upande wa kushoto palikuwa pamechorwa mfuko, na ndani ya mfuko tarakimu za uzani.

Mama Pasi aliangalia, akili ikigoma kusoma. Wifi akafungua vifungo vya blauzi, akafungua sidiria yake mbele, akasimama wima katika mwanga wa dirisha. Upande mmoja palikuwa na titi la mwanamke wa miaka sitini na mitano. Upande wa pili palikuwa tambarare, na kovu refu limepita mshazari, jembamba, limefungwa vizuri.

"Lini?" Mama Pasi akauliza.

"Ile miezi mitatu niliyokwenda kwa mwanangu."

Ilikuwa miaka saba iliyopita. Mama Pasi aliikumbuka siku aliyorudi, jinsi alivyomtania pale mlangoni, "Mkwe wako hakulishi, wifi? Umerudi kama ufito." Na wifi alikuwa amecheka, akakaa, akanywa chai.

"Tumekumbatiana mara ngapi tangu hapo?"

"Kila Jumapili."

"Na mimi," Mama Pasi akasema polepole, "ninayeona doa la chai toka mlangoni."

Fundi Kimya akatoa pini zake. Akauchomoa ule mfuko kwenye sidiria ya wifi, akauweka kwenye kiganja cha Mama Pasi. Ulikuwa wa pamba laini, umejazwa mtama, na ulikuwa na joto la mwili. Uzito wake uliukalia mkono kama kitu kilicho hai. "Ukubwa pekee hautoshi," bibi akasema. "Lazima uzani ulingane, maana macho ya watu utayadanganya lakini mgongo haudanganyiki. Namwongezea mtama au nampunguzia kila mwaka, kadiri yule mwenzake anavyobadilika."

Mama Pasi aliushika kwa mikono miwili. Alikuwa ameona vitu vingi hospitalini, watoto waliozaliwa na watu waliofufuka mikononi mwa madaktari, lakini hakukumbuka kuona kitu kilichomnyamazisha kama kile. Bibi huyu alikuwa ameketi juu ya duka la vipuri na mtama na uzi, akamrudishia mtu kimo chake, kwa ustadi mkubwa hivi kwamba hata ndugu zake hawakujua kuna kilichopungua.

"Kwa nini hukusema?"

Wifi aliurudisha mfuko mahali pake, akaanza kufunga vifungo. "Maisha yangu yote nimepitisha habari za watu dirishani, wifi. Najua habari ikishatoka mkononi mwako hairudi. Nilitaka hii nikae nayo kwanza. Halafu ikazoea kukaa."

"Na leo?"

"Juzi ulipopiga ule ukelele nilicheka. Nilipofika nyumbani nikafikiri: huyu anateseka kwa sababu hajui mlango ulipo. Mimi naujua, na nimesimama mbele yake nimeuziba. Sikulala vizuri."

Kwenye ngazi, wakishuka, Mama Pasi alimshika mkono wifi yake ijapokuwa wifi ndiye aliyekuwa na magoti mazima.

Wiki tatu zikapita, na katikati yake safari mbili za kujaribu, ambapo bibi alifumua mshono mzima kwa ajili ya mkunjo mmoja usioonekana. Ilipokamilika haikuwa na maua wala waya. Ilikuwa ya rangi ya ngozi yake, mkanda wa chini mpana kama kiganja, mikanda ya mabegani mipana na laini, bitana ya pamba pale penye vipele, na kulabu mbele. "Mikono ya miaka sitini haina haja ya kutafuta vitu mgongoni," alisema fundi. Mama Pasi akaifunga mwenyewe. Akainua mikono yote miwili juu. Hakuna kilichopanda, hakuna kilichochoma. Akainama, akanyooka, akacheka bila kumkumbuka mtu.

Alitembea kwenda nyumbani kwa miguu, njia ndefu ya kupitia sokoni, kwa sababu tu hakukuwa na kitu kinachomwambia akae. Akapika. Wakala. Mumewe akawa anamtazama kwa wasiwasi.

"Unaumwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Saa zote hizi sijasikia tap. Nina habari ya yule mteja wa kabati, nimeingoja tangu saa kumi."

Mama Pasi akapeleka mkono kifuani. Alikuwa ameisahau. Akaweka kijiko chini, akabaki ameketi hivyo, mkono kifuani, kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa.

Jumapili iliyofuata wifi akaja kama kawaida, lakini hakukaa sebuleni. Alikwenda moja kwa moja uani, ambako kaka yake alikuwa akipiga randa mbao ya mlango. Mama Pasi alifuata na chai, akasimama kizingitini.

"Kaka," wifi akasema, "nina jambo la miaka saba."

Akalisema lote, kwa sauti ya kawaida, kama anavyosoma anwani. Randa ilisimama katikati ya mbao. Seremala alikuwa mtu wa mikono, maneno hayakumjia upesi, na alipofungua kinywa ilikuwa kuuliza kitu kimoja.

"Dada, ulikwenda na nani hospitali?"

"Nilikwenda mwenyewe."

Akaketi hapohapo sakafuni, juu ya maranda, mzee mzima wa miaka sabini, akamtazama dadaye kwa chini jinsi watoto wanavyotazama wakubwa. "Anzia mwanzo," akasema. "Siku uliyopanda gari. Nieleze ulivaa nini, ulikaa dirisha la upande gani. Nataka niwepo."

Wifi akavuta kiti kisicho na mgongo, akaketi wima, akaanza. Mama Pasi akaweka sinia la chai juu ya mbao, akaketi kwenye maranda kando ya mumewe, na wote wawili wakamwinulia macho.